Fujo ya Nini? Maneno ya Kiingereza Yanayotaja Mvurugiko

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili hapa Mtwara aliandika insha ya Kiingereza kuhusu siku aliyomsindikiza baba yake kupeleka korosho kwenye ghala la chama cha msingi. Foleni ilikuwa ndefu, upimaji ukasimama, watu wakaanza kusukumana na kupaza sauti, vijana wawili wakagombea gunia moja, kisha karani akatoka na daftari lake, akaanza kuita majina na utulivu ukarudi. Tukio hilo lote alilipa jina moja: "riot". Kamusi yake ndogo ilimwambia kwamba maana yake ni fujo, naye akaridhika. Sentensi haikuwa na kosa lolote la sarufi, lakini ilimfanya baba yake na majirani zake waonekane wahalifu.

"Riot" ni neno lenye uzito wa kisheria. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1986 inayohusu utulivu wa umma inataka wawepo watu wasiopungua 12 wanaotumia nguvu, au wanaotishia kuzitumia, kwa lengo moja. Wakiwa 3, kosa ni jingine na huitwa "violent disorder". Kanuni ya Adhabu ya Tanzania haihesabu hadi 12. Huanzia kwenye mkusanyiko usio halali wa watu watatu au zaidi, na mkusanyiko huo ukishaanza kutekeleza azma yake kwa kuvunja amani na kuwatia watu hofu, hapo ndipo kosa la "riot" linapotimia, ambalo kwa Kiswahili tungeliita ghasia. Sisi wa Mtwara tuna sababu ya kuyapima maneno haya kwa makini. Mei 2013, wakati wa upinzani dhidi ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, habari za Kiingereza zilisema "riots", ilhali mitaani watu walisema, na bado wanasema, vurugu za gesi. Vurugu hueleza hali iliyokuwapo. "Riot" huieleza hali hiyo na papo hapo huonyesha kidole.

Neno "mess" liko mbali kabisa na mahakama. Asili yake ni Kifaransa cha zamani, ambamo lilimaanisha chakula kilichowekwa mezani. Baadaye likawa pia kundi la watu wanaokula pamoja, na ndiyo maana askari wetu hadi leo wanakula mesi. Upande mwingine likawa chakula kilichochanganywa ovyo, na kutoka hapo likawa kila kitu kisicho mahali pake. "Mess" kwanza ni fujo ya vitu. Fikiria ghala ambamo magunia ya korosho za daraja la kwanza yamelaliwa na ya daraja la pili, karatasi zimetapakaa sakafuni, na sindano ya kushonea magunia haijulikani iliko. Kiswahili kinayo shaghalabaghala, neno ambalo kwa maoni yangu linashinda lile la Kiingereza, kwa kuwa hata matamshi yake yana mtapakao. Hali hiyo haina mshitakiwa, na watu wawili wakiamua huimaliza kabla ya adhuhuri.

"Chaos" haimalizwi hivyo. Kwa Wagiriki wa kale lilikuwa pengo kubwa tupu lililokuwapo kabla vitu havijapata umbo, na hata leo neno hilo linabeba wazo la kukosa mpangilio kuanzia kwenye msingi. Kuna jambo ambalo mtu wa Kusini angependa kulijua: katika karne ya 17 mwanakemia Jan Baptist van Helmont alihitaji jina la hewa zinazotoka kwenye vitu vinavyoungua au kuchacha, akalitohoa neno hilohilo la Kigiriki na kupata "gas". Kwa hiyo gesi ya Mnazi Bay na ya Songo Songo ina jina lililozaliwa na neno la mvurugiko. Wanasayansi nao wamelipa maana yao. Mwaka 1961 Edward Lorenz alirudia hesabu ya hali ya hewa kwenye kompyuta akiingiza 0.506 badala ya 0.506127, na baada ya muda matokeo yakaachana kabisa na yale ya awali. Katika maana hiyo kanuni zipo na zinafuatwa. Kisichowezekana ni kutabiri mbali, kwa sababu tofauti ndogo ya mwanzo hukua.

"Havoc" hutaja uharibifu. Zamani ulikuwa ukelele wa vitani wa kuwaruhusu askari wapore. Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakaribia, Mtwara na Lindi tulikuwa katika taharuki, na kwa hali hiyo Kiingereza kina "turmoil", yaani msukosuko wa watu na wa nafsi. Kimbunga kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, na "havoc" ilikuwa huko. "Mayhem" inakaribiana nalo, ila asili yake ni kosa la kumlemaza mtu kiungo anachohitaji ili apigane, na kwa hiyo halifai pasipo na ukatili au vurugu kubwa. "Anarchy" ni kukosekana kwa mtawala. "Bedlam" limetokana na hospitali ya wagonjwa wa akili ya Bethlehem, London, na binafsi siwafundishi wanafunzi kulitumia, kwa sababu limejengwa juu ya mateso ya wagonjwa. Hata "disorder" lenyewe, likitoka kinywani mwa daktari, si fujo hata kidogo: ni hitilafu katika mwili au akili, na kulitafsiri kwa neno la fujo ni kumdhalilisha mgonjwa.

Tuliporudi kwenye insha, nilimuuliza yule mwanafunzi: ni nini kilichovurugika, vitu, watu, au sheria? Akajibu kwamba ni watu, kwa muda mfupi, na hakuna aliyeumia. Basi neno lilikuwa "commotion", ambalo ndani yake mna mwendo wa wengi kwa pamoja, nasi tungesema kizaazaa. Kwa wale vijana wawili na gunia lao tuliweka "scuffle", mvutano mdogo wa mikono unaokwisha bila kufika polisi.