Je, wajua kwa nini kimelea kimoja cha paka kina nasaba nyingi?

Ukipita asubuhi katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, vinavyoteremka kuelekea bandari ya majahazi, huwakosi paka: mmoja kajinyoosha barazani, mwingine kakaa miguuni pa muuza samaki akingoja kichwa. Samaki huyo hana neno. Mwenye neno ni panya wa jana usiku, ambaye huenda alibeba toksoplasma, kimelea cha seli moja kinachoweza kuishi ndani ya karibu kila mnyama mwenye damu joto, binadamu, mbuzi na kuku wakiwamo, lakini ambacho hujamiiana katika utumbo wa jamii ya paka peke yake. Kiligunduliwa Tunis mwaka 1908 na Charles Nicolle na Louis Manceaux, katika mnyama mgugunaji aitwaye gundi (si ile ya kubandikia).

Siri ya nasaba zake imo katika chakula cha paka. Akila panya mwenye nasaba moja, kimelea hujioa chenyewe kwa chenyewe na kizazi kinachotoka ni kilekile. Akila wawili wenye nasaba mbalimbali kwa wakati mmoja, jeni huchanganywa kama karata, na kwa wiki moja hadi tatu kinyesi chake huweza kubeba mamilioni ya vijiyai vya kimelea, vingine vikiwa na mchanganyiko ambao haujapata kuonekana. Nafasi hiyo ni adimu, kwani paka akishaambukizwa mara moja hupata kinga, na kwa kawaida hatoi vijiyai tena. Isitoshe, mnyama akila nyama mbichi yenye kimelea, nasaba humwingia ilivyo, bila ya paka kuhusika.

Ndiyo maana Ulaya na Marekani, penye paka na panya wa majumbani, watafiti Daniel Howe na David Sibley walionyesha mwaka 1995 kuwa vimelea vingi walivyovichunguza vilikuwa vya nasaba tatu tu. Katika misitu ya Amerika Kusini, ambako chui wa huko na paka wengine wa mwituni huwinda wanyama wa kila namna, nasaba ni nyingi mno.

Tofauti hizi si za jina tu. Kimelea kimoja cha nasaba ya kwanza chatosha kumuua panya wa maabara, ilhali aliyeambukizwa nasaba ya pili au ya tatu huweza kupona. Sababu mojawapo ni protini iitwayo ROP18, inayolemaza silaha ambazo seli za panya hutumia kukivunja kimelea. Silaha hizo binadamu hana nyingi, kwa hiyo, na hili ndilo linalonivutia zaidi, ukali kwa panya hauwezi kuchukuliwa kuwa ndio ukali kwetu. Lakini huko Guyana ya Ufaransa, Amerika Kusini, nasaba za msituni zimewalaza mahututi watu wazima ambao kinga yao ya mwili haikuwa na hitilafu yoyote.