U-admin wako hauwashi mashine pepe

Nikiitwa kutazama Hyper-V (programu ya Microsoft ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta) iliyogoma kuwasha mashine pepe kutoka folda shirikishi ya seva ya faili, nasikia wimbo ule ule: “Lakini mimi nimo kwenye Domain Admins, nina Full Control!” Hongera, wewe ni msimamizi wa mtandao mwenye ruhusa zote. Faili za VHDX, yaani diski za mashine hizo, unaweza kuzifungua, kuzinakili, hata kuzifuta. Ila anayewasha mashine si wewe.

Ukishabofya Start, anayefungua diski ni huduma ya Hyper-V, nayo huendeshwa na Local System, akaunti ya ndani ya Windows yenyewe. Ikibisha hodi kwenye seva ya faili kupitia SMB (njia ya Windows ya kushirikisha faili mtandaoni), hujitambulisha kwa akaunti ya hosti, yaani kompyuta inayoendesha Hyper-V, iliyomo Active Directory (daftari la akaunti za watumiaji na kompyuta za ofisi), ile yenye $ mwishoni: kwa mfano HV01$. Akaunti hiyo isipokuwa na Full Control utakutana na kosa 0x80070005 (umenyimwa ruhusa), hata uwe nani.

Wengi hukwama tena hapo. Wanaandika HV01 kwenye dirisha la ruhusa, Windows inajibu jina halipo, basi wanaanza kuilaumu domeni (mtandao unaosimamiwa na Active Directory). Domeni ni nzima! Bofya Object Types, weka tiki kwenye Computers, ndipo utafute. Tena ongeza hosti zote, si ile unayoijaribia tu, la sivyo siku ya kuhamisha mashine utaniita tena. Kama ni klasta, yaani hosti kadhaa zilizounganishwa kufanya kazi pamoja, akaunti ya klasta nayo iingie. Mimi huziweka zote kwenye kundi moja. Hosti ikishatiwa kundini iwashe upya, maana tiketi yake ya Kerberos (kitambulisho chake cha mtandaoni) bado haijui habari za kundi hilo.

“Ruhusa za share nimeshatoa.” Na za NTFS, zile za folda yenyewe kwenye diski, je? Zinapimwa zote mbili, na iliyobana zaidi ndiyo inayoshinda. Amri ya PowerShell, Set-SmbPathAcl, itakunakilia za share kwenye folda yenyewe.

“Weka Everyone pande zote mbili, yaishe.” Yaishe kweli: kila mwenye akaunti ofisini ataweza kuondoka na diski nzima ya seva ya mishahara.

“Nikiunda mashine nikiwa kwenye hosti inakubali, nikitumia laptop inakataa, kwa hiyo ruhusa zimefutika.” Hazijafutika. Ukiwa mbali, hosti haina idhini ya kulipeleka jina lako hadi seva ya faili. Fungua akaunti ya hosti kwenye Active Directory, kichupo cha Delegation, iruhusu huduma ya cifs (ya kufikia faili) ya seva hiyo. Ya cifs tu. Usiifungulie kila huduma kwa sababu ya uvivu.