Je, Wajua? Kwa Nini Mwanamke Alisubiriwa Miaka 30 Kwenye Meza ya Mwisho ya Poka

Las Vegas, Mei 1995. Barbara Enright ameshika karata mbili za nane. Waliolipa dola 10,000 kuingia shindano kuu la dunia la poka walikuwa 273, na sasa wamebaki watano, yeye akiwa mwanamke peke yake. Anasukuma mezani kila alichobakiza. Mpinzani wake, Brent Carter, anamfuata akiwa na 6 na 3 za aina moja, karata ambazo wachezaji wengi wangezitupa bila kufikiri mara mbili. Kabla karata za katikati ya meza hazijafunuliwa, nane mbili hushinda karibu mara nne kati ya tano. Zinafunuliwa karata tatu za kwanza, na humo mna 6 na 3: Carter ana jozi mbili, Enright ana moja. Enright akaondoka wa tano, na dola 114,180 mkononi.

Baada yake, hakuna mwanamke aliyeketi kwenye meza ile ya mwisho hadi Julai 2025, alipofika Leo Margets wa Hispania. Miaka 30 kamili. Poka haihitaji misuli wala urefu, na karata hazijui nani amezishika. Kwa nini basi?

Kwa asiyeujua mchezo: katika aina inayochezwa sana siku hizi, kila mmoja anapewa karata mbili za siri, kisha zinafunuliwa tano za wote katikati ya meza. Aina ni zile zile nne tunazozijua, shupaza, kopa, uru na pau (majina tuliyoachiwa na Wareno, ukichunguza). Hakuna turufu. Kila hatua unaweka dau, unalipandisha, au unatupa karata zako. Siri yote iko hapo: ukizuga vizuri wengine wakatupa zao, fungu ni lako hata kama hukuwa na kitu. Ni kamari, ndiyo, kwa sababu pesa ipo na bahati ipo. Ila hapa mchezaji hapambani na mwenye kasino, anapambana na wenzake, na aliye hodari huonekana akipewa muda.

Jibu la haraka ambalo wengi hulitoa ni uchache. Katika shindano hilo kuu, wanawake kwa miaka ya karibuni wamekuwa kati ya 3 na 5 kwa kila wachezaji 100. Ni kweli, lakini tupige hesabu. Meza ya mwisho ina viti tisa. Hata tukichukua watatu tu kwa 100, tungetegemea mwanamke mmoja kila miaka mitatu au minne, yaani kama wanane katika miaka 30. Alifika mmoja. Kwa hiyo uchache unaeleza sehemu tu, na mimi naona sehemu iliyobaki ndiyo yenye maana zaidi.

Poka hurithishwa mdomo kwa mdomo. Vitabu vipo, lakini ujuzi wenyewe hupatikana baada ya mchezo, watu wamekaa usiku wanabishana: pale ulipopandisha dau, yeye alidhani una nini? Kwa nini hukutupa? Katika makundi hayo ndimo wachezaji wanamouziana hisa za ada zao pia, ili mmoja akianguka wengine wamshike. Asiyekuwa na kundi hujifunza kwa makosa yake mwenyewe, na kila kosa analilipia taslimu.

Watazame wanawake waliotangulia, utauona uzi huu. Annie Duke aliacha masomo ya juu ya saikolojia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Aliyemfundisha poka, akampa na mtaji wa kuanzia, alikuwa kaka yake Howard Lederer, mchezaji mzoefu. Mwaka 2004 Duke alishinda shindano la mabingwa na kuondoka na dola milioni 2. Jennifer Harman naye, mwaka 2000, aliingia shindano la aina ya poka ambayo hakuwahi kuicheza maishani. Lederer huyo huyo akamweleza kwa dakika chache kabla ya kuanza. Harman akashinda. Sitaki kuwapunguzia sifa. Walikuwa na vichwa vya ajabu. Lakini wasichana wangapi wenye vichwa kama hivyo hawakuwa na kaka wa namna hiyo, wala rafiki wa kuwaita pembeni dakika tano?

Halafu kuna meza yenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la PLoS ONE uliwachezesha poka ya kompyuta watu zaidi ya 500, wapinzani wao wakionyeshwa kwa picha za kike au za kiume. Pale ambapo picha zote zilikuwa za kike, watu walizuga kwa asilimia 6 zaidi. Wengi wao hawakukubali kwamba jinsia iliwaathiri. Ina maana mwanamke hukaa mezani akiwa ameshahukumiwa: huyu ukimtisha atatupa karata. Mwenye mazoezi hugeuza hukumu hiyo kuwa faida yake, akalipa dau badala ya kutupa karata, na kuvuna. Mgeni, kwake, ni usiku mrefu wa kusukumwasukumwa.

Kilichobadilika kwanza ni intaneti. Mtandaoni huna uso wala sauti, una jina la kubuni tu. Annette Obrestad wa Norway alijijenga huko akiwa bado msichana. Aliwahi kushinda shindano la mtandaoni la watu 180 huku ameziba karata zake zisionekane kwenye skrini. Kwa maelezo yake, alizitazama mara moja tu. Alisoma watu, basi: nani amesita, nani amepandisha dau kwa haraka, nani yuko kwenye kiti kibaya, cha kuamua kabla ya wengine. Septemba 2007, London, siku moja kabla ya kutimiza miaka 19, aliwashinda wachezaji 361 akachukua pauni milioni 1.

La pili ni mashindano ya wanawake peke yao. Yalianza mwaka 1977, ada dola 100, na Jackie McDaniel akashinda dola 5,580. Wapo wanaoyadharau, eti ni kukubali unyonge. Mimi siafiki. Pale ndipo wengi huketi mara ya kwanza, na ndipo makundi yale ya kubishana usiku huzaliwa. Wanaume walipozidi kujiingiza humo, na sheria za Nevada hazikuruhusu kuwazuia kwa jinsia, waandaaji mwaka 2013 waliweka ada ya dola 10,000, na mwanamke akapewa punguzo la dola 9,000. Mwanaume anayetaka anakaribishwa, kwa bei kamili. Siku hizi shindano hilo hukusanya watu zaidi ya 1,200 kwa mwaka. Shiina Okamoto wa Japani alishika nafasi ya pili mwaka 2023, kisha akashinda 2024, akashinda tena 2025.

Vipo na vikundi vya mafunzo. Poker Power, iliyoanzishwa na mfanyabiashara wa Marekani Jenny Just, imelenga kuwafundisha wanawake milioni moja.

Mashindano haya makubwa ya Las Vegas hayampi bingwa kombe, yanampa bangili. Vera Richmond alikuwa mwanamke wa kwanza kuitwaa peke yake mbele ya wanaume, mwaka 1982. Vanessa Selbst alizifikisha tatu. Margets aliipata yake mwaka 2021, lakini safari yake kwenye shindano kuu ilikuwa ndefu kuliko hapo: mwaka 2009 alikuwa mwanamke wa mwisho kutolewa, akiwa wa 27. Miaka 16 baadaye walianza watu 9,735, na yeye akatoka wa saba, na dola milioni 1.5.