Si kila upungufu wa damu hutibiwa kwa rozela

Damu ikipungua, wengi huamini tiba ni kuiongeza: juisi ya rozela, matembele, vidonge vya madini ya chuma. Kwa upungufu wa damu unaotokana na lishe, vinaweza kusaidia. Ila kuna ugonjwa adimu ambao kinga ya mwili hushambulia chembe nyekundu. Chembe hizo, badala ya kuishi siku 120 hivi, hufa mapema. Macho huwa ya manjano, mkojo kama chai ya rangi. Hapo mara nyingi tiba huanza na prednisoloni ya kutuliza kinga. Wengine hupewa rituksimabu, dawa nyingine ya kutuliza kinga, au huondolewa bandama. Malaria na selimundu pia huvunja chembe, kwa hiyo soma majibu yako ya maabara: retikulosaiti (chembe nyekundu changa) na bilirubini (rangi ya manjano itokayo kwenye chembe zilizovunjika) zikiwa juu, muulize daktari kuhusu kipimo cha DAT, kinachoonyesha kama kinga ya mwili ndiyo inayoshambulia chembe. Na prednisoloni usiikatishe ghafla, tafadhali.