Ndoto ileile, na nyayo bado zinaunguza

Mama mmoja anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kule Kituku mjini Goma, alituambia kwamba akizinduka usingizini huwa amekwisha kumbeba mtoto kabla hajajua yuko wapi. Nyayo zinamwunguza kana kwamba amekanyaga mawe ya moto. Anatoka uani, anatazama upande wa Nyiragongo, volkano iliyo jirani na mji. Mlima umetulia, na ardhi anayoikanyaga ni ya baridi. Ndoto hiyo humrudia tangu Mei 2021, na daima hukatika palepale: barabara ya Sake imejaa watu, mkono wa mtoto unamponyoka.

Swali lake ndilo tunaloulizwa zaidi na watu wa Goma katika idara yetu ya afya ya akili: "Dokta, ni onyo?"

Hapana, mama. Volkano ililipuka jioni ya tarehe 22 Mei, ardhi ikatetemeka siku kadhaa, na tarehe 27 watu wakaamriwa kuhama sehemu kubwa ya mji. Wazee wetu wanakumbuka pia Januari 2002, lava ilipokata katikati ya mji hadi ziwani. Aliyepita humo ana kila sababu ya kuota. Ubongo wake haubashiri, unakumbuka. Habari za mlima tuzipokee kwa wanaoupima kila siku, wale wa kituo cha uchunguzi wa volkano.

Lakini mbona inaonekana kweli hivyo? Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chicago walieleza kipindi cha usingizi ambamo macho hucheza haraka chini ya kope. Kipindi hicho hurudi kila baada ya dakika 90 hivi, na hurefuka kuelekea alfajiri. Ndiyo maana ndoto nzito hutuamsha saa tisa au saa kumi za usiku. Wakati huo sehemu za ubongo zinazoshughulika na hofu na picha zinafanya kazi kwa nguvu, na zile za kupima mambo zimepumzika. Moyo unadunda kwelikweli. Jasho ni jasho. Ukifumbua macho, mwili wako mwenyewe unashuhudia jambo ambalo usiku huo halikutokea. Misuli nayo huwa imelegezwa. Ukiamka kabla haijaachiwa, unashindwa hata kuinua kidole, na watu husema umekabwa na jinamizi.

Hapa naomba tusikilizane vizuri. Ndoto inayohisika kweli inaweza kugeuzwa ushahidi. Mtu amemwona jirani ndotoni, au mama mkwe, au mtoto wa kambo, na asubuhi anamwita mchawi. Sali, ikiwa sala inakutuliza. Ila usimtaje mtu kwa sababu ya ndoto, na usimlipe anayekuuzia jina la adui.

Kasiksi na lotoko hazisaidii: pombe huzuia ndoto mwanzo wa usiku, kisha huziachia kwa wingi karibu na alfajiri. Dawa nazo, kama mefloquine ya malaria na efavirenz ya virusi vya ukimwi, zinaweza kuleta ndoto kali. Usiache dawa, mweleze muuguzi.

Yule mama tulimpa kazi ya mchana. Aieleze ndoto, kisha abadilishe mwisho wake apendavyo, na auone mwisho huo mpya akiwa macho, dakika 10 hadi 20 kila siku, kwa majuma kadhaa. Njia hii imesaidia wengi. Kwa aliyebakwa au kuona watu wakiuawa, aifanye pamoja na mshauri, akianzia na ndoto isiyomtisha sana. Na usiku akizinduka, awashe taa, aguse ukuta, aseme kwa sauti leo ni siku gani.

Mama alichagua kitenge. Katika ndoto yake mpya amemfunga mtoto mgongoni kwa kitenge cha buluu, mafundo mawili, na mikono yake iko huru. Majuma machache baadaye ndoto ilirudi, barabara ileile, watu walewale. Alipoamka hakwenda mlangoni. Alipapasa mgongo, akamsikia mtoto akikoroma pembeni yake, akalala tena.