Vyombo vya Marehemu: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Vyombo si mirathi. Mirathi ni nyumba na shamba."

Kauli hii ndiyo inayozigharimu familia nyingi za Unguja na Pemba zinapotaka kuuza vyombo vya marehemu, kabla hata mnunuzi hajabisha hodi. Kisharia, kila alichomiliki marehemu kinaingia, hata sinia na dele la kahawa: hutolewa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, na kinachobaki ndicho cha warithi. Aliyeondoka na mrashi wa fedha "kwa ukumbusho" siku ya tatu ya matanga amechukua na fungu la wenzake. Iandikwe orodha, chumba kwa chumba, na kila kitu kipigwe picha kwa simu. Warithi wakivutana, ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na ipo Mahakama ya Kadhi.

"Kikiwa cha zamani, kina thamani."

Laiti. Chukua reale ya Sham, ile sarafu nene ya fedha yenye sura ya malkia Maria Theresa. Imeandikwa 1780, na watu huamini ina umri huo. Malkia alifariki mwaka huo, lakini sarafu iliendelea kupigwa miaka na miaka baadaye kwa tarehe ileile, kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani yetu hawakutaka nyingine. Ina uzito wa gramu 28 hivi, na zaidi ya gramu 23 kati ya hizo ni fedha halisi. Kwa hiyo haishuki chini ya bei ya madini ya fedha yaliyomo, ila tarehe peke yake haikuongezei kitu. Vivyo hivyo pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, ya mwaka 1299 wa Hijria (1882): zimejaa tele. Reale yake ya fedha ya mwaka huohuo ndiyo adimu.

Adimu zaidi ni karatasi. Serikali ya Zanzibar ilitoa noti zake za rupia mwaka 1908, na rupia ikaondolewa mwaka 1936 ilipoingia shilingi ya Afrika Mashariki. Noti moja iliyosahauliwa ndani ya kitabu yaweza kushinda bei ya kabati zima, na vitabu ndivyo vinavyotiwa moto mwanzo! Pekua kila ukurasa. Bahasha zenye stempu za enzi za masultani nazo zihifadhiwe nzima, stempu zisibanduliwe.

"Santuri bila gramafoni ni takataka."

Hapa ndipo roho inaponiuma. Mwaka 1928 mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake walikwenda Bombay kurekodi nyimbo kwa kampuni ya His Master's Voice, na santuri zile zikauzwa pwani nzima. Wapo wakusanyaji wa taarabu ya kale wanaozitafuta hata zikiwa na mikwaruzo. Zisimamishwe wima, zisirundikwe, kwani hupasuka upesi. Na zisifutwe kwa spiriti: santuri za wakati huo zimetengenezwa kwa shelaki, na spiriti huiyeyusha. Kitambaa laini kikavu kinatosha. Karatasi zake za kufunikia zina bei yake pia.

"Shaba ing'arishwe kwanza ndiyo iuzike."

Kwa sufuria ya kupikia, sawa. Kwa chetezo au sanduku la njumu (la mbao lililopambwa kwa shaba), ukwaju na majivu vinaondoa ile rangi ya umri anayoilipia mnunuzi, na vanishi mpya juu ya mbao ni hasara juu ya hasara. Na ukisikia kila sanduku la njumu likiitwa "la Kiarabu", jua kwamba mengi yalitoka India, Surat na Bombay, na mengine yanatengenezwa hapahapa leo yakazeeshwa kwa makusudi. Pindua chini, vuta droo, tazama ubao ambao hakuna aliyetarajia uonekane.

Sahani nazo si zote za China. Soma muhuri nyuma: mabakuli mengi ya maua yaliyopamba kuta zetu yalitoka kiwandani kwa Petrus Regout, Maastricht, Uholanzi. Gonga kwa kucha. Ikilia butu, ina ufa.

"Cherehani kuukuu ina zebaki nyekundu."

Haina; zebaki nyekundu ni kitu cha kubuniwa kinachodaiwa kuwa cha bei kubwa. Uvumi huu uliivuruga Saudi Arabia mwaka 2009, Singer za kale zikagombaniwa kwa bei za ajabu. Ziliundwa kwa mamilioni. Inayoshona iuze kwa fundi.

"Changu cha urithi, namuuzia mtalii nimtakaye."

Si kila kitu. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, na gamba la ng'amba, aina ya kasa, nalo limezuiwa. Kiti cha enzi chenye nakshi ya pembe au kitana cha ng'amba kikikamatwa uwanja wa ndege, umri wake haukuokoi. Mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe usiung'oe bila kuuliza Mamlaka ya Hifadhi.

Vyungu, ndoo na magodoro yapelekeni mnadani yaishe. Vingine vionyesheni kwa wenye maduka zaidi ya mmoja kule mitaa ya Hurumzi na Gizenga, Mji Mkongwe, kila kimoja kwa bei yake. Anayetaka kuchukua chumba kizima kwa bei moja ameshaona kitu ambacho nyinyi hamjakiona.