Mjamzito aliye kwenye methadoni: kwa nini dozi hupanda mimba inapokua

"Daktari, nipunguzie dozi, nisije nikamdhuru mtoto." Ombi hili nalisikia kuliko jingine lolote kutoka kwa wajawazito ninaowatibu uraibu wa heroini kwa methadoni, dawa inayonywewa kila siku kuchukua nafasi ya heroini. Wengine hawaombi hata. Wameshaanza kujipunguzia kimyakimya, wanaruka siku, wanavumilia arosto (mateso ya mwili unapokosa dawa uliyoizoea) usiku na kujiambia kwamba mateso hayo ndiyo malezi yao ya kwanza kwa mtoto. Nyuma yake kuna mapenzi ya kweli ya mama, na kuna maneno aliyoyasikia kwa wifi, kwa jirani na, inaniuma kusema, kwa wahudumu wa afya pia: "Una mimba halafu bado unakunywa hiyo dawa?"

Mapenzi hayo nayaheshimu sana. Jibu langu lakini huwa hapana, na mara nyingi naongeza jambo linalowashtua: tukifika miezi ya mwisho, huenda dozi ikabidi ipande.

Tuanze na kinachomdhuru mtoto hasa. Heroini haikai mwilini. Inapanda haraka, inashuka haraka, na mtu anayebwia unga hupita kwenye kulewa na arosto mara kadhaa kwa siku moja. Mtoto aliye tumboni hupita huko pamoja na mama yake. Ongeza hapo sindano za kuchangia, kukosa chakula, kutohudhuria kliniki, na unga ambao hakuna anayejua umechanganywa na nini. Hayo ndiyo yanayoleta watoto njiti, watoto wenye uzito mdogo na mimba zinazoharibika. Methadoni inafanya kazi tofauti: inapanda polepole, inakaa muda mrefu, na inampa mama siku iliyotulia. Anakula, analala, anakuja kliniki, anapimwa VVU, kaswende na homa ya ini, na lolote linaloonekana linatibiwa mapema.

Kwa nini basi asiachishwe kabisa, taratibu, akiwa chini ya uangalizi? Zamani tulihofia kwamba arosto yenyewe ingemuua mtoto tumboni. Tafiti za baadaye za wanawake walioachishwa polepole hospitalini hazikuonyesha vifo vingi kama ilivyohofiwa, na ni haki kulisema hilo wazi. Hatari kubwa iko mbele kidogo, kwenye kurudia. Wengi wanaoachishwa hurudia, na anayerudia baada ya wiki kadhaa anarudi na mwili uliokwisha kusahau dawa. Kiasi kilekile alichokuwa akikimudu zamani sasa kinaweza kumsimamisha pumzi, yeye na mtoto kwa pamoja. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 unasema mjamzito mwenye uraibu huu ahimizwe kutumia methadoni au buprenofini (dawa nyingine ya kutibu uraibu huu) kwa mwendelezo, badala ya kujaribu kuachishwa.

Sasa suala la dozi, ambalo ndilo hasa limenifanya niandike.

Mimba hubadilisha karibu kila kitu kinachohusu namna mwili unavyoshughulikia dawa. Damu huongezeka, na ikifika miezi ya mwisho ujazo wake unaweza kuwa umepanda kwa karibu nusu. Kijiko kilekile cha sukari, sasa kimetiwa kwenye sufuria kubwa zaidi. Figo nazo huchuja kwa kasi, na vimeng'enya vya ini vinavyovunja methadoni hufanya kazi kwa bidii kuliko kawaida. Kwa mtu asiye na mimba, nusu ya methadoni aliyokunywa huchukua takriban siku nzima kuondoka mwilini. Mimba ikiwa kubwa, muda huo unaweza kushuka hadi saa 8 hivi.

Kwa hiyo mwanamke aliyetulia miezi mingi kwa dozi moja ya asubuhi anaanza kuamka usiku wa manane akitoka jasho, mifupa inamuuma, pua inatiririka, tumbo linasokota. Wengi hudhani dawa imechakachuliwa. Wengine hudhani ni dalili za mimba tu. Na wapo wanaojilaumu, wakiamini tamaa imewarudia kwa sababu hawana msimamo. Nataka kila mmoja wao ajue kwamba hisia zake ni sahihi: dawa kweli haimfikishi asubuhi. Kuongezewa dozi wakati huu hakumaanishi uraibu umezidi. Ni hesabu ya mwili uliobadilika.

Mara nyingi njia bora kuliko kuongeza dozi tu ni kuigawa: sehemu asubuhi, sehemu jioni. Dozi moja kubwa humfanya mtoto apunguze kucheza kwa saa chache baada ya mama kunywa, na hata mapigo ya moyo wake hubadilika kidogo katika muda huo. Ukigawa, kilele hicho hushuka na mtoto hupata hali iliyo sawa zaidi mchana na usiku. (Wakunga, tafadhali: kama unapima mapigo ya moyo wa mtoto kwa mashine na mchoro unaonekana umetulia mno, uliza kwanza mama amekunywa methadoni saa ngapi. Ikiwezekana, pima kabla ya dozi.) Ugumu uko kwenye taratibu. Kliniki nyingi hunywesha dawa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, na kumpa mtu dozi ya jioni aende nayo nyumbani kunahitaji kibali na kunahitaji kuaminiana. Naona mjamzito anayehudhuria vizuri anastahili kuaminiwa hivyo, na nalitetea hilo kila linapojitokeza.

Kuna jambo moja ambalo hupita bila kuonekana kwa sababu linaanzia kliniki nyingine. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huharakisha sana kuvunjwa kwa methadoni. Efavirenzi na nevirapini, miongoni mwa dawa za kufubaza VVU, hufanya vivyo hivyo. Mama akianzishiwa mojawapo, ndani ya wiki moja au mbili anaweza kuwa kwenye arosto kali ilhali dozi yake haijaguswa. Dolutegraviri, nayo dawa ya VVU, haina tatizo hilo. Basi ukiandikiwa dawa yoyote mpya, popote, rudi uwaambie waliokupa methadoni kabla hujaanza kuimeza.

Na buprenofini je? Ni dawa nzuri. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti mkubwa uliowahusisha wanawake 175 katika nchi kadhaa, wakapangiwa kwa bahati nasibu methadoni au buprenofini. Watoto wa kundi la buprenofini walihitaji mofini pungufu kwa asilimia 89 kutuliza arosto yao, na walikaa hospitalini wastani wa siku 10, wenzao siku 17.5. Ila asilimia 33 ya akina mama wa buprenofini waliacha matibabu kabla ya mwisho, na wa methadoni ni asilimia 18 tu. Ninavyoona mimi, anayeanza matibabu akiwa na mimba apewe nafasi ya kuchagua. Aliyekwisha kutulia kwenye methadoni abaki hapohapo. Kumhamisha kuna hatari yake, kwa kuwa buprenofini huisukuma dawa iliyopo mwilini na kuleta arosto ya ghafla. Hata anayetoka kwenye heroini husubiri dalili za arosto zianze ndipo apewe kidonge cha kwanza.

Hofu iliyobaki ni ya mtoto kuzaliwa na arosto. Hii sitaificha: inaweza kutokea, na inapotokea inatisha kuitazama. Mtoto anatetemeka, analia kwa sauti kali, anapiga chafya, anaharisha, hanyonyi vizuri. Kwa kawaida dalili huanza ndani ya siku 2 au 3 za mwanzo, pengine huchelewa hadi ya 5, ndiyo maana hatumruhusu mtoto huyu kwenda nyumbani haraka. Lakini mtoto huyo hakuzaliwa teja. Mwili wake umezoea dawa, na kuzoea huko huisha kwa matibabu. Tena, ukubwa wa dozi ya mama hautabiri ukali wa arosto ya mtoto. Mama aliyejinyima dozi akateseka miezi mitatu hakumpunguzia mwanawe chochote cha uhakika. Vinavyozidisha ukali ni sigara, na dawa za usingizi na wasiwasi kama diazepamu zinapochanganywa na methadoni. Kama una nguvu ya kuacha kitu kimoja, anza na sigara. Diazepamu usiikate ghafla peke yako, tutaishusha pamoja.

Kwa miongo mingi watoto hawa walipimwa kwa orodha ndefu ya alama iliyotungwa mwaka 1975. Siku hizi hospitali nyingi zinauliza mambo matatu tu: ananyonya, analala, anabembelezeka? Utafiti wa hospitali 26 za Marekani, uliochapishwa 2023, ulionyesha kuwa kwa njia hii watoto walikuwa tayari kuruhusiwa baada ya siku 8.2 badala ya 14.9, na waliohitaji dawa walishuka kutoka asilimia 52 hadi 19.5. Matibabu ya kwanza yakawa mama mwenyewe: chumba chenye mwanga hafifu, kelele chache, mtoto kifuani ngozi kwa ngozi. Kumtenganisha mtoto na mama aliyetulia kwenye matibabu ni kumnyima dawa yake.

Anyonyeshe? Ndiyo, kama yuko imara kwenye matibabu na hatumii unga wala vilevi vingine. Methadoni na buprenofini hupita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana. Mwenye VVU afuate mwongozo wa kliniki yake.

Siku ya uchungu, dozi ya kila siku inanywewa kama kawaida, na haihesabiwi kuwa dawa ya maumivu. Mwili umeizoea, haitamtuliza. Apewe sindano ya mgongoni au njia nyingine kama mama mwingine yeyote, na akifanyiwa upasuaji atahitaji dawa za maumivu nyingi zaidi ya wenzake. Dawa za maumivu ziitwazo pentazosini na nalbufini asipewe kabisa, maana humtumbukiza kwenye arosto papo hapo.

Baada ya kujifungua hesabu inageuka. Damu na ini vinarudi hali ya zamani, na dozi iliyomfaa juzi inaweza kuanza kumzidi. Simpunguzii kwa pupa. Namtazama saa chache baada ya kunywa. Akisinzia katikati ya mazungumzo, au akisinzia na mtoto mikononi, tunashusha kidogokidogo.

Kipindi kinachoninyima amani zaidi kinakuja baadaye. Utafiti wa jimbo la Massachusetts, Marekani, uliochapishwa 2018 ulikuta kwamba wanawake wenye uraibu huu walizidiwa na dawa mara chache zaidi katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, na mara nyingi zaidi kati ya mwezi wa 7 na wa 12 baada ya kujifungua. Wageni wameshaacha kuja, usingizi hautoshi, na kliniki ya uzazi imeshafunga faili lake. Kwa hiyo naomba matibabu yasikatwe mwaka huo wote, na nyumbani kuwe na naloksoni, dawa ya kumwamsha aliyezidiwa na heroini au methadoni, pamoja na mtu anayejua kuitumia. Ukimkuta hashtuki, midomo imebadilika rangi, pumzi ni za kukoroma au hazipo, mpe naloksoni, msaidie kupumua, ita msaada, na usiondoke, kwa sababu naloksoni huisha nguvu kabla ya methadoni. Hata akiwa mjamzito, mpe.